Masikio ya Lori Lile Yalikuwa Yangu

Wanasema niliiba lori. Wanasema hivyo mpaka leo, na wengi wao hata hawakuwa wamezaliwa. Mimi sikuiba. Niliondoka na lori nikalifikisha kulekule lilikokuwa likienda, na mzigo wake wote, na dereva wake kwenye usukani. Mwizi gani hufikisha mali dukani kwa mwenyewe? Basi nalisimulia jambo hili mwenyewe kwa kinywa changu, na atakayeona nimekosa, na aone.

Mume wangu alijifunza kuendesha Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga wa Waingereza. Vijana wakisikia karanga wanafikiria kikaango. Sisi tulioishi kule tukisema karanga twakumbuka misitu iliyolazwa chini, vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya chungu cha mboga, na wanaume wa kila kabila waliofuata kazi. Yeye alianza kwa kung'oa visiki, kisha akapandishwa kwenye katapila, lile trekta la minyororo lililokuwa likiangusha miti. Alikaa juu ya dude lile kuanzia asubuhi hadi jua linatua, msimu baada ya msimu, masikio wazi kwa mngurumo wake.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Nikimuuliza kama ameshiba ananijibu kwamba kesho wataanza upande wa pili wa bonde. Kisha adhana ya alfajiri, ambayo tangu nimjue ilikuwa haimpiti, ikaanza kumpita. Nikawa namwamsha kwa mkono. Siku moja alikaa kitandani akanitazama, akasema, "Mama, sikio la kushoto limekufa." La kulia lilikuwa na uhai kidogo, ukilisogelea na kupaza sauti. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa.

Na sababu ya kuapishwa niliijua. Kule Nachingwea alikuwa amemwona dereva mwenzake akishushwa njiani. Mtu yule aligonga kisiki, msimamizi akasimamisha kazi, akamwambia shuka, mbele ya kundi zima la vibarua, na blanketi lake likatupwa chini baada yake. Mume wangu ndiye aliyemsaidia kuliokota. Hakuisahau siku ile. Aliniambia mara nyingi, "Kazi huisha, hilo sawa. Lakini siku nitakayoshushwa kwenye usukani mbele za watu kama kuku aliyetolewa kwenye tenga, usinitafute nyumbani. Sitarudi." Hakuwa mtu wa kutisha watu bure, na mimi nilikuwa na watoto wake na nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi, ingawa enzi zetu neno hilo halikusemwa.

Karanga zilipokufa, watu wakatawanyika. Sisi tulirudi kwetu upande wa Ruangwa, maana kwetu Wamwera mwanamume huja kuishi kwa wakwe, na shamba ni la ukoo wa mke. Yeye akapata kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa na duka na lori moja. Lori lile lilikuwa likizunguka Mandawa, Chunyu na Narung'ombe kukusanya ufuta, na kurudi Ruangwa limejaa magunia, na watu juu ya magunia. Tajiri alikuwa bahili. Hakutaka kuajiri utingo wa kuweka gogo nyuma ya gurudumu mlimani na kupiga hendeli gari likizimika. Mume wangu akamwambia, mke wangu ana nguvu, atafanya. Tajiri akaona amepata utingo wa bure. Alichopata hasa hakukijua.

Magari ya siku hizi, wajukuu wangu wanasema, mengine hujibadilishia gia yenyewe. Lori lile lilikuwa na kiburi. Gia yake ilitaka ukanyage klachi, uitoe hadi frii, isiwe kwenye gia yoyote, uachie, ukanyage tena, ndipo uingize. Ukiwahi, inakusagia meno. Ukichelewa, inakusagia meno. Halikuwa na kitu cha kukuonyesha ni lini. Saa ya mwendo kwenye dashibodi ilikuwa imekufa kabla yetu, ile nyingine ilikuwa tundu tu lenye nyaya. Dereva alipaswa kusikiliza. Injini ikianza kulia juu, panda gia. Ikianza kuguguma kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, teremsha, na teremsha kabla haijachoka, si baada ya kuchoka. Kwenye mteremko ni gia ndogo tangu juu, kwa sababu breki zilikuwa za jina tu.

Mtu ataniuliza, je, hakuweza kusikia kwa miguu, kwa mtetemo? Nilimwuliza pia. Alinijibu kwamba lori lile hutetemeka lote kwenye kila gia, hata likiwa limesimama. Bodi ilikuwa imelegea, milango imefungwa kwa kamba. Kusikiliza mtetemo wake ilikuwa kama kumsikiliza mlevi.

Basi nikawa masikio. Sikujifunza kwa dereva. Nilijifunza kwenye kinu. Mwanamke wa kwetu tangu utoto anatwanga pamoja na wenzake, wawili au watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana. Hakuna anayehesabu. Mchi wako unaingia wakati wa mwenzako unatoka. Ukiwahi, michi inagongana na mikono inakufa ganzi. Ukichelewa, unatwanga nafasi ya mwingine na wote mnaharibikiwa. Nilipokaa kwenye lori lile mara ya kwanza na kusikia injini ikipanda, nilijua mahali pa kuingia kama nilivyojua kinuni. Hapo, sasa, ingia. Mkono ulikuwa ukiniwasha.

Usukani uko kulia, mimi nakaa kushoto, upande wa sikio lililokufa. Kumpigia kelele ilikuwa kazi bure. Tukapatana: nikimpiga kofi dogo la paja, anapanda gia. Nikimfinya, anateremsha. Siku za kwanza alipata alama za kucha. Baada ya muda tukawa kitu kimoja, na nakwambia lori lile halikuwahi kusaga jino. Watu wa Mandawa walikuwa wakisema dereva yule ana mkono wa siagi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na mimi sikuelemewa. Nilifurahi. Niliona nchi, nilikaa mbele, na mume wangu alikuwa akiitwa dereva kila tuliposimama.

Lakini watu wana macho. Walichoona ni mwanamke, mke wa mtu, mbele ya gari la watu, mchana kweupe, mkono juu ya paja la mume. Anapapasa, anafinya, anapapasa tena! Na mwanamume hasemi kitu, anatazama mbele tu kama aliyelishwa dawa. Maneno yakazunguka vijiji vyote vya ufuta. Wengine walisema sina haya. Wengine, waliosoma zaidi mambo hayo, walisema nimempa limbwata na kwamba nisipomgusa kila baada ya hatua chache dawa inaisha nguvu.

Mjomba wangu, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti juu ya mpwa wake kuliko baba, aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenuna.

"Nasikia unamchezea mumeo njiani."

"Ni mume wangu, mjomba."

"Sikuuliza ni wa nani. Kuna nyumba ya hayo. Wazee wa msikitini wamenifuata mimi."

"Waambie wazee watazame barabara, wasitazame mapaja ya mume wangu."

Alinyanyua bakora, mimi nikanyanyuka. Ningeweza kumaliza jambo lile kwa maneno mawili: mume wangu hasikii. Nilikuwa nimeapa. Nikaondoka na jina la kahaba wa mumewe mwenyewe, na nilitembea nalo kichwa juu. Kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kusutwa kwa kumshika mume wake mwenyewe, aje tukae pamoja.

Wazee walipoona mjomba ameshindwa, wakamfuata tajiri. Tajiri hakujali paja la mtu, lakini wazee wale ndio waliokuwa na ufuta. Akatoa amri: mwanamke asikae mbele. Akitaka, apande juu ya mzigo na abiria.

Usiku ule mume wangu alisema ataacha kazi mwenyewe kabla hajashushwa. Nikamwambia, "Acha ukitaka kuacha. Usiache kwa sababu ya midomo ya watu." Asubuhi nilikwenda na mchi wangu.

Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na ubao, na mgongo wake ulikuwa ukiegemea ubao huohuo. Nilikaa juu ya gunia la mbele kabisa, mchi mkononi, kichwa cha mchi kikigusa ubao. Pigo moja, panda. Mapigo mawili, teremsha. Aliyapokea mgongoni. Na kule juu nilisikia injini vizuri kuliko mbele, upepo ukiniletea. Abiria waliniuliza nafanya nini. Nikasema mkono wangu umezoea kutwanga, ukikaa bure unauma. Mtani wangu mmoja, mwanamke wa Kimakonde wa kucheka kwa sauti, alinijibu, "Nyie Wamwera hamna akili, mnatwanga lori!" Watani husameheana. Nikamwambia nikimaliza kulitwanga nitampikia ugali wake.

Tukaenda hivyo karibu msimu mzima. Za mwizi arobaini, husemwa, na kwa kuwa mimi wananiita mwizi, niseme tu kwamba arobaini yangu ilitimia siku tajiri alipoamua kusafiri nasi kutoka Narung'ombe. Ulikuwa mzigo wa mwisho na mkubwa, alitaka kuulinda. Akakaa mbele, kiti changu.

Lori lilijaa. Juu ya magunia tulikuwa wanawake peke yetu, wenzangu wakirudi kutoka arusini, bado wana raha za ngoma miilini. Mtani wangu alikuwa mmoja wao. Tulipoondoka nikapiga pigo langu moja, mbele kidogo jingine. Tajiri akatoa kichwa dirishani, "Nani anagonga?" Nikajibu, gunia limelegea, tajiri, nalisukuma. Akaingiza kichwa.

Kabla ya kufika Ruangwa kuna mlima. Si mlima wa kuogopesha mtu wa miguu, ila kwa lori lililojaa ulikuwa mrefu na wa mchanga. Nilisikia injini ikianza kuguguma, nikapiga mawili. Gia ikaingia, safi. Mbele kidogo nikasikia tena, nikapiga mawili. Ikaingia. Na hapo mapigo yangu yakawaingia wale wanawake.

Siwalaumu. Mwanamke wa kwetu akisikia mchi unapiga hawezi kukaa kimya, lazima apokee. Mtani wangu ndiye aliyeanza. Alikuwa na sufuria, akaigonga kwenye ubao katikati ya mapigo yangu, barabara kabisa, mahali palepale ambapo mchi wa pili huingia. Wa tatu akapokea kwa kisigino. Mara wote wakawa wanapiga ubao, vigelegele juu yake, mtwango wa watu saba juu ya mgongo wa mume wangu.

Nilipiga kelele, "Acheni! Acheni!" Wakadhani nawatia moyo.

Kule mbele maskini alipokea amri zote. Panda, teremsha, panda, panda, teremsha. Alimtii mkewe. Gia ikalia kama mbwa aliyekanyagwa, injini ikakohoa, ikazima, na lori likaanza kurudi nyuma. Vigelegele vikageuka mayowe. Nilishika gogo, nikaruka chini, nikalisukuma nyuma ya gurudumu, na gurudumu likalipanda nusu, likakaa. Nilikuwa nimechubuka goti na sikuhisi.

Tajiri alishuka. Alizunguka hadi dirisha la dereva, akamtukana. Mume wangu alimtazama mdomo, lakini tajiri alikuwa akisema huku akigeuka kutazama magunia, kisha kutazama gurudumu, na maneno yakampotea. Akajibu tu, "Ndiyo, tajiri." Tajiri akaona jibu halilingani na matusi. Akanitazama mimi, akautazama ule mchi uliokuwa bado juu ya gunia. Hakuwa mjinga, mtu mjinga hapati lori. Alikwenda upande wa kushoto, akajiingiza dirishani hadi kiunoni, akapiga makofi karibu kabisa na kisogo cha mume wangu. Mume wangu hakugeuka. Alikuwa akipangusa kioo kwa kitambaa.

"Kiziwi," tajiri akasema. Hakulisema kwa nguvu. "Mali yangu yote nimempa kiziwi."

Wale wanawake wote walisikia, na nikaona kwenye nyuso zao jinsi kila kitu kinavyogeuka, paja, mchi, limbwata. Mtani wangu aliiweka sufuria chini polepole.

Tajiri akaniambia, "Mwambie ashuke. Sasa hivi, hapahapa. Nitatafuta dereva mwingine Narung'ombe, nyinyi mtakwenda kwa miguu."

Nikamwambia, "Tajiri, tumebakiza mlima huu tu. Afike dukani, huko mwachishe."

"Mwambie ashuke, au nimvute mimi."

"Amekubebea ufuta misimu miwili hujapoteza gunia."

"Mama, sina maneno na wewe. Mwambie."

Akanigeuzia mgongo, akaenda kuchungulia gurudumu lililopanda gogo. Mume wangu alikuwa ameuona mdomo wa tajiri ukiniambia kitu, na alikuwa akinitazama. Aliinua kidevu, kama alivyozoea kuniuliza: amesema nini? Uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kinachokuja na anaomba kisije. Nilimwona amezeeka pale nyuma ya kioo.

Ndipo nikafanya ninalosimangwa nalo. Nilikwenda mbele nikachukua hendeli, nikapiga mara moja, mara ya pili ikawaka. Nikazunguka hadi dirisha lake la kulia, nikapanda ngazi, nikaweka mdomo kwenye lile sikio lenye uhai.

"Amesema twende."

"Na yeye?"

"Atakuja."

Nikazunguka, nikafungua kamba ya mlango, nikakaa kwenye kiti changu. Nikampiga kofi la paja mbele ya macho ya wanawake wote wa Narung'ombe. Gia ya kwanza ikaingia laini. Lori likajivuta, likaacha gogo nyuma, na tajiri akasimama kando ya gogo lake mikono juu. Alikimbia kidogo. Mchanga ule haukimbiliki. Nilimsikia akiita mwizi, mwizi, na mimi peke yangu mle mbele ndiye niliyesikia. Huko juu mtani wangu akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wengine wakapokea, lakini safari hii hakuna aliyegusa ubao.

Nilimpeleka mlima mzima kwa gia ya kwanza, sikuwa na haraka. Juu kabisa injini ikaanza kulia, nikampiga kofi, akapanda ya pili. Hatukusaga jino hata mara moja mpaka Ruangwa.

Tuliingia mjini mchana, watu wamejaa barabarani. Wakampungia mkono, dereva, dereva, naye akawapungia. Alirudisha lori kinyumenyume hadi mlango wa ghala, akaliegesha sambamba na ukuta kama kawaida yake. Vibarua wakateremsha magunia yote. Wale wanawake walishuka mmoja mmoja, na kila aliyepita dirishani alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, wala hawakuniambia mimi neno. Yeye alizima injini akabaki amekaa, mikono juu ya usukani.

Nilizunguka tena hadi sikio la kulia. Sikutaka ayasikie kwa mwingine.

"Tajiri hakusema twende."

Alinitazama.

"Alisema nini?"

"Alisema ushuke."

"Pale mlimani? Mbele ya wale wanawake?"

"Mbele yao."

Nilingoja anikasirikie, na nilikuwa tayari kumkasirikia pia. Alichomoa ufunguo, akaupangusa kwa ukosi wa shati, akampa karani wa ghala aliyekuwa amesimama mlangoni. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akashuka.